Maumivu ya kichwa yanayoanzia kisogoni: maswali na majibu

Kichwa huanza kuniuma nyuma, pale shingo inapokutana na fuvu, kisha maumivu hupanda hadi nyuma ya jicho. Ni macho?

Huenda ni shingo. Chini ya kisogo kuna misuli midogo minane, minne kila upande, iliyojificha nyuma ya misuli mikubwa ya shingo. Huunganisha kichwa na pingili mbili za juu za shingo. Ya kwanza, atlasi, ni duara lililobeba kichwa kama kata inavyobeba mtungi. Ya pili, aksisi, ndiyo mhimili ambao atlasi huuzunguka. Karibu nusu ya kugeuza kichwa kulia na kushoto hufanyika kati ya hizo mbili.

Ijaribu misuli hiyo sasa hivi. Funga macho, weka vidole viwili chini ya kisogo, kimoja kila upande wa kile kibonde cha katikati, ubonyeze taratibu. Usigeuze kichwa, peleka macho tu kulia, halafu kushoto. Watu wengi huhisi kitu kikicheza chini ya vidole. Misuli hii hufanya kazi pamoja na macho.

Maumivu hufika jichoni kwa sababu neva za pingili tatu za juu za shingo na neva kubwa inayobeba hisia za uso hupeleka taarifa mahali pamoja, chini ya ubongo. Ubongo hupokea kilio bila kujua kwa hakika kimetoka mlango gani. Zaidi ya hapo, mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walieleza jinsi mmojawapo wa misuli hii ulivyoungana na utando mgumu unaofunika ubongo na uti wa mgongo.

Kwa nini misuli hii inakaza?

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 na nusu hadi 5. Kikikaa sawasawa juu ya mabega, misuli hii haichoki sana. Kidevu kikitangulia mbele, kama tunavyofanya mbele ya kompyuta au usukani, sehemu ya chini ya shingo huinama na ya juu hulazimika kukunjika kwa nyuma ili macho yaone mbele. Misuli midogo hujikunja hivyo mchana kutwa.

Nilimhudumia fundi cherehani aliyekuwa akiumwa kisogo kila jioni kwa miezi mingi. Nilimwomba akae kama anayeshona. Kabla hata mguu haujagusa pedali, kidevu kilishatoka mbele, uso umekaribia sindano. Alikuwa amepita miaka 40 na tundu la sindano halioni vizuri tena. Kwake, basi, macho yalikuwa na sehemu yao: alipata miwani ya kusomea, tukainua meza ya cherehani kwa vipande vya mbao, akawa anasimama kila baada ya nusu saa. Mazoezi yalifuata baadaye. Bila miwani ile ningemkanda hadi leo.

Nameza dawa ya maumivu karibu kila siku. Kuna ubaya?

Upo. Ukitumia dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa zenyewe zinaweza kuwa chanzo cha kichwa kuuma. Kwa dawa zilizochanganywa, zikiwemo zenye kafeini au kodeini, siku 10 kwa mwezi zinatosha kuleta tatizo hilo. Mweleze daktari kwa uwazi unameza ngapi, usifiche. Kumbuka pia kipanda uso nacho huweza kuanza na shingo kuuma, na tiba yake ni tofauti.

Kinyozi wangu akimaliza kunyoa hunikanda, kisha huigeuza shingo ghafla hadi ilie “ka!” Naona nafuu. Niendelee?

Kukandwa, sawa. Kugeuzwa ghafla, hapana, na hapa nawaomba mnisikilize. Mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo hupita kwenye matundu ya pingili za shingo, kisha hupinda nyuma ya atlasi, katikati ya misuli hii hii tunayoizungumzia. Shingo ikizungushwa kwa nguvu, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda pale, na bonge likasafiri hadi kwenye ubongo. Hicho ni kiharusi. Hakitokei mara nyingi, lakini kimewapata hata vijana wenye afya. Mwambie kinyozi mapema, kabla hajashika kichwa: “Shingo usinigeuze.”

Nimegongwa kwa nyuma nikiwa kwenye gari. Nivae kola ya kushikilia shingo?

Kwanza upimwe kama hakuna mfupa uliovunjika. Ikithibitika ni misuli na kano tu, kola ya muda mrefu huidhoofisha shingo; kuitembeza taratibu ndani ya siku chache kunasaidia zaidi. Baadhi ya wanaobaki na maumivu sugu, picha za MRI huonyesha mafuta yameingia ndani ya misuli hii midogo.

Na aliyeanguka na bodaboda msimbebe mikono na miguu mkamtupia kwenye gari. Mmoja ashike kichwa pande zote mbili, kisiyumbe, mpaka msaada ufike.

Ni dalili zipi si za kusubiri?

Kichwa kilichopasuka kwa maumivu ghafla, makali kuliko yote uliyowahi kupata. Homa pamoja na shingo kukakamaa hadi kidevu hakifiki kifuani. Hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Ganzi au udhaifu wa mkono au mguu, kuona vitu viwili viwili, kushindwa kumeza au kutamka, kuyumba. Hospitali, siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Nifanye zoezi gani nyumbani?

Lala chali, weka khanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Shusha kidevu kidogo kama anayeitikia “ndiyo” kwa sauti ya chini, bila kuinua kichwa. Kisogo kitateleza juu kidogo kwenye khanga. Shikilia sekunde 5 hadi 10, achia, rudia mara 10. Ukisikia misuli ya mbele ya koo inasimama kama kamba, umetumia nguvu kupita kiasi. Kitambaa cha uvuguvugu kisogoni kabla ya zoezi huilegeza misuli.

Je, kubeba ndoo kichwani?

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 za maji juu ya atlasi. Wenye mazoea huibeba shingo ikiwa wima kabisa. Hatari kubwa ni kuteleza nayo. Kama shingo tayari inauma, gawa maji kwenye madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, hata kama safari zitaongezeka.