Je, wajua? Kioo cha dirisha lako kina magadi ndani yake

Anayepika maharage makavu hutia magadi kidogo ili yaive upesi. Magadi kama hayo, yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya na kuchomwa kiwandani, ndiyo pia yanayouwezesha mchanga kugeuka kioo, na kwangu mimi hakuna hatua ya kustaajabisha kuliko hii katika utengenezaji wote wa kioo.

Mchanga unaofaa ni ule mweupe wenye silika nyingi (madini yanayogeuka kuwa kioo), ambao peke yake hauyeyuki mpaka joto lifikie takribani nyuzi 1,700 za Selsiasi. Magadi huilegeza silika, hivyo mchanganyiko ukayeyuka kwa moto mdogo zaidi. Lakini hapo huzuka shida nyingine: kioo cha mchanga na magadi matupu huyeyuka katika maji, na dirisha la namna hiyo lisingedumu masika mengi. Dawa yake ni mawe ya chokaa, ambayo hukifanya kioo kistahimili maji. Vigae vya vioo vilivyovunjika navyo hurudishwa tanurini, kwa kuwa huyeyuka upesi na kupunguza matumizi ya nishati.

Zamani, ili kioo kikubwa kisiwe na mawimbi, kilisagwa na kung'arishwa pande zote mbili, kazi ndefu na ya gharama. Mwaka 1959 ilitangazwa njia iliyobuniwa na Alastair Pilkington na wenzake huko Uingereza: uji wa kioo humiminwa juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, ukaelea kama mafuta juu ya maji na kujitandaza wenyewe. Bati huyeyuka kwa nyuzi 232 tu, ilhali kioo huwa kimeshikana kinapofika karibu nyuzi 600; kwa hiyo bamba huondolewa likiwa gumu, bati likiwa bado majimaji. Kisha hupozwa polepole, lisije likapasuka.

Katika jengo, kioo huingiza mwanga na kuzuia mvua na vumbi, wala hakishiki kutu kwa chumvi ya bahari. Hata hivyo, mwanga wa jua ukishapenya na kupasha moto sakafu na samani, joto linalotoka humo hupita kwenye kioo kwa shida sana. Ndiyo sababu chumba chenye ukuta wa kioo unaoelekea magharibi, Mombasa au Dar es Salaam, huwaka joto jioni kisipokuwa na upenu au baraza ya kukitilia kivuli.

Kwa milango na kuta za maghorofa huhitajika kioo kilichokazwa: hupashwa moto upya kupita nyuzi 600, kisha hupulizwa hewa baridi ghafla. Nje hutangulia kuganda, na ndani kinapopoa baadaye huivuta ngozi ya nje ikabanwa kwa nguvu. Kikivunjika hupukutika vipande vidogo butu badala ya visu virefu. Fundi lazima apime na kutoboa matundu ya bawaba mapema, kwani akijaribu kukikata baada ya kukazwa, chote humwagika sakafuni.