Wengi wape nini?

Haki za wachache ni haki asizozipoteza mtu kwa sababu tu kundi lake la rangi, kabila, dini au lugha ni dogo, au halina nguvu mahali anapoishi. Maana yenyewe haina fumbo. Linaloniudhi ni usemi wa "wengi wape", ambao hapa Arusha nimeusikia ukitumika kuzizima haki hizo mara nyingi mno.

Mara ya mwisho ilikuwa kwenye mkutano wa mtaa. Mzee mmoja mwenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa mji huu, alisimama kuuliza kwa nini mtaro mpya uelekeze maji getini kwake. Sauti ikatoka nyuma: "Huyu naye kwao ni huku?" Watu wakacheka, naye mwenyekiti, badala ya kukemea, akasema, "Mzee wangu, wengi wape, kaa tuendelee na ajenda."

Kitenzi -pa hakijitoshelezi. Ukisema "nimempa", msikilizaji atauliza umempa nini, isipokuwa kitu chenyewe kiwe kimekwisha kutajwa. Usemi wetu umekiacha kitu hicho nje, na kila mtu hujazia akitakacho. Mahali pake ni penye kura, ambapo wengi hupewa uamuzi: mtaro upite wapi, nani awe mjumbe. Haki ni jambo jingine. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao lina maana ya ukweli na pia ya kile anachostahili mtu, na maana hiyo ya pili ndiyo tunayoitumia tunaposema "hii ni haki yangu", yaani ni yangu tayari, simsubiri wa kunipa. Kwa hiyo hakuna wingi wa mikono iliyonyooshwa unaoweza kumgawia mtu haki ya mwenzake.

Wapo wanaonijibu kwa mfano wa Afrika Kusini: Makaburu walikuwa wachache na ndio walioonea wengi, basi wachache walindwe kwa lipi? Hapo haki imechanganywa na upendeleo. Walichokuwa nacho Makaburu chini ya sheria za ubaguzi wa rangi ni ardhi na kura walizonyimwa Waafrika. Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inakataza kumbagua mtu kwa rangi, kabila au pahala alipotokea, wala haiulizi kama wabaguzi ni wengi au wachache. Na tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake papa hapa Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek wa Msitu wa Mau, zikiwemo haki ya ardhi yao na ya kutobaguliwa. Waogiek ni wachache sana miongoni mwa Wakenya, na uchache huo haukuwapunguzia kitu.

Mwenyekiti wetu ni muungwana, wala simdai radhi. Ningependa tu siku nyingine aimalizie sentensi yake: wengi wape uamuzi wa mtaro, na mzee ajibiwe swali lake, maana mkutano ulifungwa akiwa bado amesimama.