Ukifika Boma la Arusha, Anza na Ukuta

"Wanyama wako wapi?" Hilo ndilo swali la kwanza tunaloulizwa getini, na si watoto peke yao wanaouliza. Mtu amesikia Makumbusho ya Elimu Viumbe, amewavalisha wanawe viatu vya sikukuu, ameshuka kwenye daladala karibu na Mnara wa Saa, akafuata Barabara ya Boma mpaka mwisho, halafu anakuta jengo jeupe la mawe na uwanja wa majani katikati. Simba hayupo. Twiga yuko kwenye picha. Wengine hununa papo hapo.

Huwa nawaambia kwamba mgeni mwenye adabu hupiga hodi kabla ya kuanza kutazama samani. Basi na hapa, kabla hujayafikia makabati ya vioo, itazame nyumba yenyewe.

Boma hili lilijengwa na Wajerumani, na mwaka wake ni 1900. Miaka minne kabla, Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, upande wa Meru, muda mfupi tu baada ya kuwasili. Kapteni Kurt Johannes akatoka Moshi na askari wake kulipiza kisasi. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Boma likafuata, na waliolazimishwa kulijenga ni Waarusha na Wameru wale wale waliokuwa wamepigwa. Kila jiwe unaloliona lilibebwa na mtu ambaye hakuulizwa kama anataka kazi.

Enzi hizo tayari kulikuwa na kodi ya nyumba, na kodi lazima iwe na mahali pa kuipeleka. Mzee akikuambia leo anakwenda bomani, ujue anakwenda ofisi ya serikali, ingawa kwa mfugaji boma ni ule ua wa miiba anamolaza ng'ombe na watoto wake. Neno limehamishwa kutoka kwenye miiba likapelekwa kwenye mawe. Waingereza walilirithi jengo, baadaye likawa ofisi za serikali yetu, na mwaka 1987 likafunguliwa kuwa makumbusho.

Wapo wenzangu katika kazi hii wanaoona tungeanza moja kwa moja na vipepeo, habari za kuchapwa viboko tuziachie vitabu vya historia. Sikubaliani nao. Elimu viumbe na ukoloni vilisafiri katika msafara mmoja. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, mkoani Lindi, mwanzoni chini ya Werner Janensch, na msimamizi wa wachimbaji alikuwa mtu wetu, Boheti bin Amrani. Shehena ya tani kwa tani ilibebwa vichwani na mabegani mpaka bandarini. Dinosaria mmoja katika hao amesimamishwa leo katika makumbusho ya Berlin, urefu wake mita 13.27 kwenda juu, na mtoto wa Lindi anayetaka kumwona inabidi kwanza atafute viza. Ukisimama ndani ya boma na kumweleza mtoto habari za visukuku bila kumgusia hilo, umemweleza nusu.

Haya, turudi ukutani. Simama mlangoni upime unene wake kwa shubiri. Njoo saa saba mchana, jua la uwanjani likiwa linachoma utosi, uingie ndani uone ubaridi unavyokupokea. Hakuna kiyoyozi. Jiwe nene huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza, kwa hiyo mchana chumba kinaishi kwa baridi ya usiku uliopita.

Ukuta wa mawe na chokaa wa enzi ile una tabia nyingine ambayo naomba wenye nyumba za zamani waisikilize. Unapumua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, unakunywa unyevu kutoka ardhini na kutoka hewani. Kiangazi unautoa kidogo kidogo kupitia plasta ya chokaa. Sasa anakuja fundi mwenye nia njema na mfuko wa saruji, anaupiga plasta ngumu inayong'aa, kila mtu anamsifu. Baada ya misimu miwili mitatu ya mvua, rangi inavimba malengelenge. Chumvi inachanua kama unga. Ukigonga plasta inaitika kwa sauti ya debe tupu, halafu inadondoka kipande kizima. Unyevu ulikuwa ndani, ukakosa pa kutokea. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na wa Lamu, wanaoshughulika na kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, wanalijua hili tangu kwa babu zao. Kama umerithi nyumba ya aina hiyo, kabla hujanunua saruji mtafute anayejua kuchanganya chokaa. Wamebaki wachache, na bei yao si ya kubeza, lakini utalipa mara moja.

Ndani, sehemu inayokusanya watu wengi ni ya chimbuko la binadamu. Arusha iko njiani kuelekea Ngorongoro, na mbele ya hapo ndiyo Olduvai, bonde ambalo jina lake ni Oldupai, neno la Kimaasai la mkonge wa porini. Daktari Mjerumani, Wilhelm Kattwinkel, alifika huko 1911, na Wajerumani wakaliandika jina kwa namna walivyolisikia. Huko, tarehe 17 Julai 1959, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliona meno yakichungulia kwenye mteremko. Mumewe, Louis, alikuwa amebaki kambini akiumwa. Lilikuwa fuvu la zamadamu, yaani kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, aliyeishi miaka ipatayo milioni 1.75 iliyopita, wakamwita Zinjanthropus, "mtu wa Zinj," kwa jina ambalo Waarabu waliliita pwani yetu ya Afrika Mashariki. Fuvu lenyewe linatunzwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kwingine kote utakutana na nakala, na mgeni asijione ametapeliwa. Nakala nzuri hutolewa kwenye kalibu ya kitu chenyewe, kwa hiyo umbo ni lile lile, na fuvu halisi linabaki salama kwenye kabati lake.

Laetoli, kusini mwa Olduvai, ndiyo ninayoipenda zaidi. Mwaka 1976 wanasayansi waliokuwa wakizuru kambi ya Mary Leakey walikuwa wakirushiana vinyesi vya tembo vilivyokauka, mchezo wa kupoteza jioni. Mmoja wao, Andrew Hill, akainama kukwepa, na usoni pake akakuta ardhi iliyojaa alama za kale: matone ya mvua na nyayo za wanyama. Miaka miwili baadaye ikafukuliwa njia ya zamadamu waliopita hapo miaka milioni 3.66 iliyopita, nyayo zipatazo 70 katika masafa ya karibu mita 27. Volkano ilikuwa imetema majivu, mvua ya rasharasha ikayalowesha, viumbe wakapita, jua likayakausha yakaganda kama saruji, kisha majivu mengine yakafunika.

Jambo hilo ukilisema kwa mdomo, mtoto anapiga miayo. Kwa hiyo tunalifanya uani. Trei pana, majivu yaliyochekechwa, na chupa ya maji yenye vitundu kwenye kifuniko. Maji yakizidi unapata uji. Yakipungua, unyayo unamomonyoka mguu ukiinuka tu. Ikishakaa sawa, mtoto mmoja anavua kiatu, anapita hatua mbili, na darasa zima linapiga magoti. Kisigino kimezama. Katikati, chini ya upinde wa unyayo, majivu yamekanyagwa kidogo sana. Na kidole gumba kimepangana na wenzake, kinatazama mbele. Hapo namwambia kila mmoja anyooshe kiganja, aone gumba la mkono lilivyojitenga pembeni. Sokwe mtu ana gumba la namna hiyo mguuni, la kushikia matawi. Aliyepita Laetoli gumba lake lilifuata vidole vingine, ingawa ubongo wake haukuwa umeuzidi sana ule wa sokwe. Kutembea wima kulitangulia akili nyingi, jambo ambalo wanafunzi hulitafsiri kwa namna zao na kuanza kuelekezeana vidole.

Huulizwa pia kwa nini nyayo zenyewe hazioneshwi. Zilifukiwa tena kwa makusudi. Baadaye ikaonekana migunga imeota juu yake na mizizi inapenya kwenye majivu magumu, hivyo katika miaka ya 1995 na 1996 wataalamu wetu wa mambo ya kale, pamoja na taasisi ya uhifadhi ya Getty ya Marekani, walifukua sehemu, wakaitibu, wakaifunika upya kwa tabaka za mchanga na vitambaa maalumu, kisha udongo na mawe ya volkano juu. Mgeni anayelalamika kuwa amefichwa kitu cha umma namwelewa. Lakini kilichokaa salama kwa miaka milioni tatu na zaidi kilikaa salama kwa sababu kilikuwa kimefunikwa.

Na volkano hizo hazijatuacha. Ol Doinyo Lengai bado inatema lava isiyofanana na ya mlima mwingine wowote unaowaka duniani: haina moto mkali wa kawaida, nyuzi joto 500 na kitu tu, hutoka nyeusi na ikikutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Karibu zaidi, tabasamu la mtoto aliyekulia kwenye miteremko ya Meru mara nyingi lina meno yenye rangi ya kahawia. Watu walidhani ni uchafu, au ukoo. Ni floraidi, ambayo maji huichota kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na baadhi ya chemchemi na visima vya huku huvuka kiwango hicho mara kadhaa. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hiyo ukichemsha sana unaikoleza. Kinachosaidia ni kubadili chanzo cha maji, au kuyachuja kwa mkaa wa mifupa, njia iliyofanyiwa utafiti hapa kwetu Ngurdoto. Hili huwa nalisema kwa sauti kubwa kidogo, maana katika kila kundi kuna mama anayemchanganyia mtoto uji kwa maji hayo.

Kwenye wadudu, usitazame mdudu peke yake. Shusha macho kwenye lebo iliyo chini ya pini, karatasi ndogo kama stempu: amekamatwa wapi, lini, na nani. Dundu mwenye rangi za dhahabu asiye na lebo ni pambo. Mbung'o mchakavu aliyekatika bawa, mwenye lebo kamili, ni shahidi: anakuambia kwamba tarehe fulani mahali fulani palikuwa na kichaka, na kichakani palikuwa na wanyama wa kunyonywa damu. Ukienda hapo leo ukakuta mahindi na mabati, una habari mkononi.

Adui wa makabati hayo ni mdudu mwenzao. Wapo dundu wadogo kuliko punje ya mchele ambao mabuu yao hula wadudu waliokaushwa, wakaacha pini, lebo na vumbi. Dawa inayotumika sana kwenye makumbusho siku hizi ni kulifunga sanduku zima ndani ya nailoni na kulitia kwenye friza kwa siku kadhaa. Dawa ya bei nafuu zaidi ni kutowaalika wadudu. Ndiyo maana tunakuzuia na andazi lako mlangoni. Punje ya sukari huita sisimizi, sisimizi aliyekufa huita dundu, na dundu hamalizii kwa sisimizi. Mwanga nao unafifisha rangi za mabawa, na rangi ikishakwenda hairudi, basi zima taa ya simu hata kama picha itatoka na giza.

Sasa walimu. Kuna mwalimu aliwahi kunishukia na wanafunzi tisini na dakika arobaini, basi likiunguruma nje. Walipita mbele ya makabati kama watu wanaopanga foleni ya chanjo. Wakaandika kila kitu, hawakuona kitu. Nakuomba ulete darasa moja, au uligawe kundi mara tatu: moja chumbani, moja uani kwenye trei, moja nje likipima ukuta kwa shubiri na kuuchora. Saa moja na nusu inatosha. Mwambie kila mtoto achague kitu kimoja tu na aandike maswali matatu juu yake, wala usiwape hayo maswali wewe. Andika barua ya ziara mapema, na sema wanafunzi wako darasa la ngapi, maana mazungumzo ya mtoto wa darasa la tatu si ya kidato cha nne.

Wakati wa ziara moja mwaka huu tuliisahau trei uani usiku kucha. Asubuhi tulikuta paka amekatiza juu ya nyayo za mtoto wa jana, na mguu wake mmoja umetua katikati kabisa ya kisigino. Kule Laetoli farasi wa kale wenye vidole vitatu nao walikatiza njia ya zamadamu. Hatukuigusa trei. Kundi la saa nne lilipoingia, kabla sijafungua mdomo, binti mmoja alikuwa ameshachuchumaa pembeni yake, anawabishia wenzake nani alitangulia.