Ujerumani haikushindwa na theluji

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: kwamba katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la Ujerumani halikushindwa na binadamu, bali na theluji ya Urusi. Si kweli.

Chukua kalenda. Mapigano ya Kursk, mji wa Urusi, yaliyowapokonya Wajerumani uwezo wa kuamua mwenendo wa vita upande wa mashariki, yalianza Julai 1943. Majira ya joto. Majeshi ya Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao) yalitua Normandy, pwani ya Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, na mwezi huohuo Wasovieti (Urusi na jamhuri zilizokuwa nayo katika Muungano wa Kisovieti) wakavunja safu za Wajerumani huko Belarus. Joto tena. Berlin ilianguka tarehe 2 Mei 1945. Tarehe hizi zimo katika kitabu chochote kizuri cha historia.

Mkanganyiko unatokana na mwaka 1941, karibu na Moscow. Baridi iliwatesa Wajerumani kwelikweli: mafuta ya bunduki yaliganda, na askari wengi hawakuwa na makoti mazito, kwa sababu wakubwa wao walitarajia vita iishe mapema. Lakini baridi hiyohiyo iliwapiga Wasovieti, nao ndio walioshambulia Desemba ile. Tena picha za theluji hukumbukwa, za malori hakuna azitumaye, ilhali nayo yalisaidia ushindi: Marekani iliwapelekea Wasovieti malori na magari mengine ya kijeshi zaidi ya 400,000.

Kuipa theluji ushindi ni kuwafuta mamilioni waliokufa wakipigana. Ukiupata ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyeutuma kwa upole, umtajie Kursk na mwezi wake.