Je, wajua kwa nini embe la Jumamosi hubabua midomo Jumatatu?

Msimu wa maembe ukishika Unguja, watoto wa kiume wa Fuoni, Tomondo na Kisauni hawarudi kutoka chuoni kwa njia ya siku zote. Wanapita miembeni. Mmoja anapopoa kwa mawe, mwengine anapanda, wa tatu anatandaza kanzu chini apokee. Kisu hakuna, maana kisu kiko nyumbani na nyumbani kuna maswali. Kwa hiyo kikonyo kinang'olewa kwa meno, na ganda linachunwa kwa meno.

Jioni hiyo hana tatizo. Jumapili pia mzima. Jumatatu asubuhi anaamka midomo imevimba, pembeni mwa mdomo pametoka malengelenge madogo ya maji, na muwasho haumpi raha. "Umekula nini jana, wewe?" mama anauliza. Anaapa kwamba jana hakula embe, na kweli hakula.

Kuchelewa huku ndiko kunakoficha chanzo. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba embe lina joto, au kwamba midomo imebabuka kwa uroho. Joto halihusiki. Kinachohusika ni utomvu, ule unaoruka pale kikonyo kinapokatika. Ndani yake mna mafuta ya jamii ya urushioli, na kwenye ganda yamo pia. Nyama ya embe lililoiva ina kidogo sana. Ndiyo maana bibi anayelimenya boribo lake kwa kisu na kulikata vipande anakula msimu mzima salama, na mjukuu wake anayeling'ata na ganda anaharibika mdomo.

Mafuta hayo yakigusa ngozi hupenya na kujishikiza kwenye protini za ngozi yenyewe. Chembe nyeupe za damu zikiziona protini hizo zimebadilika sura, huzidhania kuwa ni kitu kigeni na kuzishambulia, kama sungusungu wa mtaani anayemkamata mwenyeji kwa sababu amevaa koti la mwizi. Mashambulizi hayo huchukua muda kupangwa, kwa kawaida siku moja mpaka tatu. Vidonda tunavyoviona vinafanywa na mwili wenyewe. Utomvu ni mchokozi tu.

Hapa pia ndipo lilipo jibu la malalamiko ya kila nyumba: "Mbona kaka amekula kama mimi na hakufanywa kitu?" Mwili lazima kwanza uyatambue mafuta hayo na kuyaweka katika kumbukumbu. Mara ya mwanzo mtu anaweza asione lolote. Akiyagusa tena baadaye, chembe zake zinayajua, na mapigano yanaanza. Wapo ambao miili yao haijali maisha yote. Basi ndugu wawili waliolelewa chini ya mwembe mmoja wanaweza kutofautiana kabisa, na aliyekula mwaka jana bila shida anaweza kubabuka mwaka huu.

Mwembe una ndugu, nao wako viwanjani mwetu: mkorosho, ambao Wareno waliuleta Afrika Mashariki kutoka Brazili katika karne ya 16, na hata mti wa embe kizungu. Wote ni wa ukoo wa Anacardiaceae. Kati yao ninayemwogopa zaidi kwa watoto ni mkorosho. Ganda la korosho lina mafuta meusi yenye asidi ya anakadiki na kadoli, makali kiasi cha kuunguza ngozi papo hapo, bila ya kungoja siku mbili. Vijana hukusanya korosho, wakaziwasha moto juu ya kipande cha bati nyuma ya nyumba, na mafuta huripuka. Moshi wake nao unabeba mafuta hayo hadi machoni na kifuani. Kazi hiyo haifai kuachiwa watoto peke yao, hata wakiwa hodari vipi.

Mikono ndiyo inayosahauliwa zaidi. Utomvu hukaa chini ya kucha na kuhamia popote panapoguswa. Mvulana anajifuta jasho, sehemu za machoni zinavimba. Anakwenda haja ndogo kabla ya kunawa, na siku ya pili yake ana maumivu mahali ambapo anaona haya kumwambia hata mama. Maji ya malengelenge hayasambazi ugonjwa. Kinachosambaza ni mafuta yaliyobaki kwenye kucha, kwenye kanzu, na hata kwenye upembo wa kuangulia.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni sabuni na maji mengi, mapema iwezekanavyo, midomo, mikono na kucha. Maji matupu hayatoshi kwa sababu ni mafuta. Wazazi, hapa nasema kwa mkazo: mtoto anayejua kwamba alama ya utomvu itamletea fimbo ataificha, na saa anazoificha ndizo ambazo mafuta yanapenya. Mwacheni anawe kwanza. Habari ya mwembe wa jirani itazungumzwa baadaye.

Vidonda vikishatoka, msipake dawa ya meno, majivu wala ndimu. Ndimu kwenye ngozi inayopigwa jua huweza kuzalisha mbabuko mwengine kabisa. Embe bichi la chumvi na pilipili nalo lisubiri mpaka midomo ipone. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi hupunguza muwasho, na duka la dawa litashauri losheni ya kalamini. Kwa kawaida ngozi hupona yenyewe ndani ya wiki moja au mbili.

Utomvu ukiingia jichoni, oshea maji safi yanayotiririka kwa muda mrefu, kisha mpeleke mtoto hospitali. Na kuna hali nyengine isiyofanana na hii ya siku mbili: midomo au ulimi kuvimba dakika chache tu baada ya kula embe au korosho, pamoja na kukohoa, kutapika au pumzi kubana. Huo ni mzio wa haraka, unaweza kuua, na mtoto apelekwe hospitali wakati huohuo.