Kiungulia: pilipili tunaisingizia mno

Kwetu Unguja mtu akishikwa na kiungulia tu, kesi anapewa pilipili ya urojo. Sikatai, wapo ambao pilipili au ndimu inawachochea kweli, lakini kinachounguza pale kifuani ni asidi ya tumbo inayopanda juu kwenye umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, na inapanda kwa sababu ule msuli unaofunga mdomo wa tumbo umelegea au tumbo limejazwa mpaka halina pa kupumulia. Ndo maana bakuli la urojo la saa kumi jioni linaweza lisikufanye kitu, na sahani ya wali wa nazi isiyo na pilipili hata moja, ukiila saa nne usiku ukapanda kitandani, ikakukesheza.

Ramadhani ndo utaona vizuri. Uji, kaimati, sambusa, muhogo wa nazi na samaki juu yake, vyote kwa mkupuo mmoja, afu mbio tarawehe, ukisujudu unavisikia vyote kooni, halafu mtu anasema funga haimpendi. Masikini funga! Futuru kidogo, kaswali, mengine utakula ukirudi, ila ukishakula usilale mpaka zipite saa mbili tatu. Vya mafuta mengi vinakaa sana tumboni, kwa hiyo sambusa mbili si sawa na sita. Na daku nalo usishindilie, maana wengi wetu tukishaswali alfajiri tunaanguka kitandani.

Kuna hili la mito. Watu wanapanga mitatu wakidhani wameinua kifua, kumbe wamekunja kiuno na tumbo linazidi kubanwa. Tia matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, kiasi sentimita 15 mpaka 20, mwili wote uteremke, na ulalie ubavu wa kushoto.

Maziwa? Yanapoza kidogo tu, baadae tumbo linatoa asidi nyengine. Magadi soda nayo si ya kunywa kila siku, ina chumvichumvi, mwenye presha aiogope. Kahawa ya barazani haimdhuru kila mtu, iache wiki mbili uone mwenyewe. Sigara ndo haina utetezi, inaulegeza ule msuli.

Eti mama mjamzito akiungulia mtoto ana nywele nyingi, haya, lakini kinachomtesa ni homoni zinazolegeza msuli pamoja na mtoto anayelisukuma tumbo juu.

Na si kila kiungulia ni vidonda vya tumbo, usijinunulie dawa za vidonda kwa kubahatisha. Ila chakula kikikukwama, ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami au ukikonda bila sababu, nenda hospitali. Na maumivu ya kifua yakienda mkononi au kwenye taya na jasho linakutoka, yakhe, hapo usisubiri maziwa wala matofali, huenda ni moyo, wakukimbize saa hiyohiyo.