Mlango wa CD ukifa, laptopu bado inapigwa windo

Hapa Mtwara mjini nimesikia mara nyingi mno: "Mlango wa CD umekufa, laptopu hii haipigiki windo tena," yaani haiwezi kuwekewa upya Windows, mfumo unaoiendesha. Mwanafunzi anaambiwa anunue nyingine, na mzazi anaanza kuhesabu kilo za korosho. Inaniuma, kwa sababu si kweli.

Kompyuta inapowaka, programu ndogo iliyo kwenye bodi yake hutafuta mahali pa kuanzia: diski ya ndani, CD, flashi, hata waya wa mtandao. CD ni njia moja tu, tena ya zamani. Laptopu nyingi za siku hizi hazina mlango huo kabisa, na bado zinapigwa windo.

Flashi ya GB 8 inatosha kwa Windows 10 au 11. Kinachowaponza wengi ni kunakili faili la ISO, yaani faili moja lililobeba Windows nzima, kama wanavyonakili wimbo, kisha mashine ikigoma wanasema, "Si tuliambiwa?" Faili hilo huandikwa kwa programu kama Rufus, ambayo ni ya bure, ndipo flashi iweze kuwasha mashine. Rufus hufuta kila kilichomo kwenye flashi, kwa hiyo hamisha picha zako kwanza.

Zima laptopu, chomeka flashi, washa huku ukibonyezabonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP, kisha uchague flashi kwenye orodha inayotokea. Isipoonekana, jaribu tundu jingine. Na kabla fundi hajagusa diski, toa nyaraka zako. Akiigawa upya, zimekwenda.